Kanuni ya Kumi na Nane

Kwa muda wa miaka kumi na minne, kila Jumamosi saa tisa alasiri, Fundi Saa alishindwa vita. Hakushindwa mara moja moja, kama wanavyoshindwa watu wengine wakapata nafasi ya kupumua. Alishindwa mfululizo, bila likizo, mvua inyeshe au jua liwake, mbele ya mtu yule yule, kwenye meza ile ile na kwa namna ile ile: askari wake walishuka kutoka majini, wakajazana ufukoni kama wagonjwa wanaosubiri zamu ya daktari, wakaishiwa chakula, wakaishiwa risasi, wakamalizwa. Kisha mtu huyo aliegemea kiti, akafuta midomo kwa leso na kusema, "Pole, shemeji. Bahari bado ipo. Wiki ijayo utakuja tena."

Mtu huyo alikuwa kaka wa mkewe. Mji mzima ulimwita Refa kwa kuwa alichezesha mpira miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu alitembea kifua mbele, mkono mmoja karibu na mfuko wa shati, kana kwamba wakati wowote angeweza kuchomoa kadi. Sasa mtu aliyekaa miaka thelathini na filimbi mdomoni atajifunzia wapi kushindwa? Timu hushindwa. Refa hukoga akaenda zake nyumbani. Hivyo ndivyo Fundi alivyojielezea tabia ya shemeji yake, mzee wa miaka sabini na mbili ambaye hakujua kufungwa hata bao moja.

Jumamosi hii ilikuwa ya mwisho. Jumatatu Refa alikuwa anahamia kwa binti yake, safari ya saa sita kwa basi, na vyombo vyake vilikwisha kufungwa. Fundi alikuwa anataka ushindi mmoja tu kabla shemeji yake hajaondoka. Hakutaka kombe wala kupigiwa makofi. Alitaka kuuona uso ule, mara moja kabla hajafa, ukiwa hauna la kusema. Tangu asubuhi alishindwa kufanya kazi. Alifungua saa ya mteja, akaitazama, akaifunga tena bila kuigusa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema hata moyoni. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na hawakujaliwa watoto. Refa ndiye mtu pekee aliyebaki duniani aliyemwita marehemu kwa jina lake la utotoni, Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Kila Jumamosi, katikati ya mauaji, Refa alikuwa akitupia kisa: Chiriku alivyoanguka kisimani na kutoka akiwa bado anaongea, Chiriku alivyomkosoa mwalimu mbele ya darasa. Fundi alikuwa akinuna na kumwambia atupe dadu. Lakini alivisikiliza.

Mchezo wenyewe uliletwa na Chiriku. Alikuwa mjalidi wa vitabu katika chumba cha nyuma cha maktaba. Siku nzima alishona kurasa zilizofumuka, akapaka gundi migongo ya vitabu na kuvivisha majalada mapya. Siku moja likaja sanduku la vitabu vya msaada, na ndani yake kulikuwa na boksi ambalo hakuna aliyejua la kulifanyia. Juu ya kifuniko askari walikuwa wanaruka kutoka kwenye mashua, maji yakiwafika kiunoni. Ulikuwa mchezo wa watu wawili, kuhusu ule uvamizi mkubwa wa kutoka baharini wa Juni mwaka elfu moja mia tisa arobaini na nne. Mmoja anakuwa mvamizi, anakuja na meli. Mwingine anakuwa mlinzi, anakaa nchi kavu na kumsubiri. Mvamizi akiuteka mji wa bandari kabla mzunguko wa kumi haujaisha, ameshinda. Asipouteka, basi.

Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha lugha ya kigeni. Chiriku aliijua lugha hiyo, akakaa wiki tatu akitafsiri kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, kanuni ishirini na nne. Akazishona, akazivisha jalada la kitambaa cha kijani, na kuwawekea mezani kaka yake na mumewe.

"Mvamizi ni wewe," Refa alitangaza siku ile ya kwanza, bila kumwuliza mtu. "Si wewe ndiye uliyekuja nyumbani kwetu mchana kweupe ukamchukua mdogo wangu? Mimi nitalinda. Safari hii huchukui kitu."

Basi ikawa hivyo. Kila Fundi alipoomba wabadilishane pande, Refa alisema mshindi habadilishi kiti.

Ubao ulizeeka pamoja nao. Kikosi cha akiba cha mlinzi, kete kubwa kuliko zote, kilipotea mwaka wa pili, mahali pake pakashikwa na kifungo cheusi kilichong'oka kwenye jezi ya Refa. Alama ya maji kujaa na kupwa nayo ilipotea. Fundi aliweka kigurudumu kidogo cha shaba kutoka saa ya kike, na kukisogeza kigurudumu hicho kila mzunguko ikawa kazi yake, kwani ni nani mwingine wa kukabidhiwa mambo ya saa? Baharini, mbele ya ufuo, ramani ilikuwa na michoro miwili mfano wa vitana. Hakuna aliyejua ni ya nini. Walidhani ni pambo. Refa alipanga hapo maiti za askari wa Fundi na kupaita makaburini.

Tena kulikuwa na ile kanuni ya kumi na nane. Haikuwepo. Kitabu kilitoka kanuni ya kumi na saba kikaingia ya kumi na tisa, na Refa alipouliza, Chiriku alicheka na kusema, "Nimekosea kuhesabu, jamani. Hamkosei nyie?" Wakamtania maisha yake yote. Soksi ikipotea, imekwenda na kanuni ya kumi na nane. Fundi bomba akiahidi kuja kesho asitokee, amekwenda na kanuni ya kumi na nane. Hata kwenye mazishi yake Refa alimshika Fundi mkono na kusema kwa sauti iliyokauka, "Ameifuata kanuni yake," na wote wawili wakacheka pale pale kaburini, mpaka watu wakawatazama vibaya.

Refa alifika saa tisa kamili. Alikaa, akatoa kete moja moja, akazipanga polepole huku akipiga mluzi. Mluzi ule! Ungeweza kumtoa mtu akili. Ukutani saa kumi na moja za wateja zilikuwa zinagonga kila moja kwa mwendo wake, na hata zile hazikumkera Fundi namna ile.

"Leo nitakuua haraka," Refa alisema. "Nina kabati la kufunga."

"Tupa dadu."

"Sawa, mvamizi. Karibu ufukoni, kuna jua zuri."

Lakini leo dadu zilikuwa upande wa mtu mwingine. Fundi alitupa sita, akatupa tano, akatupa sita tena. Mzunguko wa tatu alikuwa amekwisha kushika ufuo wote. Mzunguko wa tano alivuka daraja ambalo kwa miaka kumi na minne alikuwa analiona kwa macho tu. Refa aliacha mluzi. Mzunguko wa saba, kwa wasiwasi, alikichukua kile kifungo cheusi kutoka mji wa bandari na kukipeleka mashariki, akidhani shambulio linakuja upande huo. Akakiachia, akajifuta midomo.

Fundi alitazama ramani. Akaitazama tena. Bandari ilikuwa tupu. Vikosi vyake viwili vilikuwa hatua mbili kutoka mjini, na meli zake zilikuwa ufukoni zikishusha mizigo. Aviletee risasi tu, avisogeze tu, na mzunguko wa kumi amekwisha kushinda. Hapakuhitajika bahati tena.

"Zamu yangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Refa naye akaona. Mkono wake ukaruka kwenye kifungo. "Ngoja, ngoja. Hiki nilikuwa bado sijakiachia."

"Ulikiachia."

"Kidole kilikuwa juu."

"Kidole kilikuwa mdomoni, shemeji! Ulikuwa unajifuta!"

"Nilikuwa nafikiria. Mtu haruhusiwi kufikiria?"

"Refa mzima," Fundi alisema, "refa wa miaka thelathini, unataka kurudisha mpira uliokwisha kuingia golini? Miaka kumi na minne nimekula kipigo nimenyamaza! Sijarudisha kete hata moja! Leo mara moja tu, mara moja, unaniletea habari za kidole?"

Akaipiga meza kwa ngumi. Kete zikaruka. Kikombe cha chai kikaenda upande, na chai yote, ya moto, ya maziwa, ikamwagika juu ya kile kitabu cha kijani.

Fundi alikinyakua kitabu na kukikung'uta, akakifuta kwa shati lake. Hapo hapo simu ya Refa ikaita. Aliitazama, akakirudisha kifungo mashariki kwa kidole kimoja, kwa dharau, kama mtu anayemrudishia mwenzake takataka zake.

"Chukua," alisema. "Chukua bandari yako. Michezo ya watoto hii." Akatoka kibarazani kuongea na binti yake.

Fundi alibaki anahema. Alipeleka kitabu kwenye meza yake ya kazi, chini ya taa, akavaa lenzi ya jicho. Wino ulikuwa umestahimili. Lakini katikati ya kitabu kona ya ukurasa mmoja ilikuwa imevimba na kupasuka kuwa mbili. Akadhani chai imegandisha kurasa mbili pamoja, na akaogopa kwamba zikikauka hivyo mwandiko utang'oka. Akachukua wembe wake mwembamba kuliko zote, ule wa kufungulia migongo ya saa, na kuupitisha katikati, taratibu, akipuliza. Karatasi ikaachia. Ikaachia zaidi, ikafunguka kama bahasha.

Ndani kulikuwa na maandishi.

*Kanuni ya Kumi na Nane: Gati la Kuelea. Mvamizi akiushikilia ufuo kwa mizunguko miwili, anaruhusiwa kujenga gati la kuelea mahali palipochorwa kitana. Kuanzia hapo atashusha vikosi viwili vya ziada kila mzunguko, na maji kujaa au kupwa hayamhusu tena.* Chini yake, kwa mwandiko ule ule: *Angalizo la mtengenezaji: bila gati hili ni vigumu sana mvamizi kushinda.*

Alisoma mara tatu. Cha kwanza kilichomjia kilikuwa Refa. Amegandisha! Mzee mwizi, amegandisha kurasa! Akainuka nusu kwenye kiti, amfuate kibarazani. Kisha akaketi, kwa sababu jicho lake lenye lenzi lilikuwa limekwisha kuiona ile gundi.

Ilikuwa gundi ya unga, ile ambayo mkewe alikuwa akiipika jikoni kwenye sufuria ya bluu. Ilipakwa kwenye kingo tatu za ukurasa, upana wa punje ya mchele, imenyooka bila kutetereka mahali popote na bila tone lililovuka. Refa hakuweza hata kubandika stempu ikakaa sawa. Katika mji huu mkono uliopaka hivi ulikuwa mmoja tu.

Na wao wakaamini eti amekosea kuhesabu! Mjalidi! Mwanamke aliyehesabu kurasa kila siku ya maisha yake, asubuhi mpaka jioni, ambaye ukimpa kitabu cha kurasa mia nne angekwambia kwa kidole gumba kwamba umepungua ukurasa mmoja. Wajinga wawili wakakubali kwamba mtu huyo ametoka kumi na saba akaruka kumi na tisa, na wakacheka. Miaka kumi na minne wakacheka.

"Chiriku," alisema Fundi. "Mimi, mumeo?"

Hasira ilimjaa asijue pa kuipeleka. Ukigombana na mtu aliye hai, atakujibu, utamjibu, mtamaliza. Huyu hakuwepo wa kugombana naye. Jumamosi zote hizo alikuwa anapita na birika, anasimama nyuma ya kiti cha mumewe, anamwekea mkono begani wakati askari wake wanafia ufukoni, na anasema, "Pole baba, utashinda tu." Utashinda tu! Huku gati analo yeye, amelifungia ndani ya karatasi!

Akakumbuka drafti.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya mchezo huu kuja. Siku ya mapumziko, hapa hapa chumbani, alimfunga Refa drafti mara tatu mfululizo, na baada ya ile ya tatu akacheka. Refa alivaa viatu, akasema amekumbuka jambo la haraka, akaondoka. Hakukanyaga tena nyumba hii kwa miezi saba. Jumamosi Chiriku alikuwa anaweka sahani ya tatu mezani, inakaa mpaka chakula kinapoa, kisha anairudisha kabatini bila kusema kitu, yeye ambaye hakuwa akinyamaza. Alimwomba mumewe apige simu. Fundi alikataa. Alisema amemfunga kwa haki, na haki haiombewi radhi. Alilisema hilo miezi saba.

Kwa hiyo Chiriku aliketi na maelekezo yale, akatafsiri, akafika kanuni ya kumi na nane, akawapima wanaume wake wawili. Alijua nani atakuwa mvamizi, maana alijua mzaha wa kaka yake kabla hajautamka. Na alijua ni nani kati yao anayeweza kupigwa, akanuna, akalala, na wiki ijayo akarudi mezani. Ilikuwa sifa. Ilikuwa tusi pia, na Fundi hakujua apokee lipi.

Kutoka kibarazani sauti ya Refa ilipita dirishani. Hakuwahi kujua kuongea polepole.

"Lori lije Jumatatu asubuhi, ndiyo... Hapana, ndiyo Jumamosi ya mwisho hii... Kurudi huku? Nirudi kufanya nini, mwanangu? Aliyekuwa ananileta huku si amelala makaburini?... Huyu? Huyu sisi tunacheza tu." Kikawa kimya kidogo. "Tena leo amenikera. Basi, nikiondoka nimeondoka."

Fundi alivua lenzi. Alikijua kile kimya kidogo. Mwenzake alikuwa anavaa viatu.

Refa aliporudi, uso ulikuwa umefungwa. Hakuwa na mluzi, hakuwa na utani, na mkono wake haukukaa karibu na mfuko. Alikaa upande upande, kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata.

"Haya, malizia," alisema. "Nina kabati."

Kitabu cha kijani kilikuwa kimefungwa chini ya kiwiko cha Fundi. Chini ya kiwiko hicho kulikuwa na gati la kuelea. Lakini leo hata gati halikuhitajika! Hilo ndilo lililomtafuna. Angekuwa anashindwa kama kawaida, ingekuwa rahisi kunyamaza na kujiona mwungwana. Leo alikuwa ameshinda. Ameshinda kwa dadu zake, kwa macho yake, bila msaada wa kanuni ya mtu. Bandari iko wazi. Kilichobaki ni mzunguko wa nane, wa tisa na wa kumi, na meli zake kurudi kilindini kabla maji hayajapwa. Mtoto mdogo angeweza kumaliza.

Mzunguko wa nane alisogeza vikosi mpaka malangoni mwa mji. Refa alitupa dadu bila kuangalia zimesimama vipi.

"Unakumbuka," alisema Fundi, na hakujua kwa nini anasema, "Chiriku alivyoanguka kisimani?"

"Mambo ya zamani hayo," Refa alijibu, akatazama saa ya mkononi.

Mzunguko wa tisa. Kanuni ya tisa ilisema meli ikikutwa ufukoni maji yakipwa, inakwama mchangani na haileti mzigo tena. Kanuni ya kumi na saba ilisema kikosi kisicholetewa chakula na risasi hakiruhusiwi kushambulia. Kigurudumu cha shaba kilikuwa kwenye alama ya kujaa, na alama iliyofuata ilikuwa ya kupwa. Fundi aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto chini ya meza, kwa sababu wa kulia ulikuwa tayari unakwenda kuzirudisha meli. Miaka arobaini alikuwa amerekebisha saa za watu. Mkono wake haukujua kuchelewa.

Akajikaza kisabuni. Akasogeza kikosi kimoja mahali pasipo na maana, karibu na kinu cha kusagia kilichochorwa pembeni mwa ramani, na kusema, "Nimemaliza."

Refa alitazama ramani kwa uchovu. Kisha akaitazama kwa namna nyingine. Fundi aliona mgongo wake ukinyooka kidogo kidogo.

"Umemaliza kabisa?"

"Nimemaliza."

"Umeachia kidole?"

"Nimeachia."

"Hebu sogeza kigurudumu, shemeji."

Fundi alikisogeza. Kilikaa kwenye kupwa. Meli zote sita zilikuwa ufukoni.

Refa hakucheka mara moja. Kwanza alivuta pumzi, ndefu, kama mtu anayenusa chakula. Kisha akainuka, akaweka mkono mfukoni na kuchomoa kadi isiyokuwepo, akaiinua juu kabisa. "Maji yamepwa!" alipiga kelele. "Maji yamepwa, na meli ziko mchangani! Fundi saa! Fundi saa amesahau saa!" Sasa ndipo kikaja kicheko, akajipiga mapaja, akakaa, akainuka tena. "Chiriku wee, umekosa! Angekuwepo leo Chiriku angecheka mpaka akae chini! Mume wako, mama, mwenye saa kumi na moja ukutani, amesahau maji!"

"Nilipitiwa," alisema Fundi. Meno yalikuwa yamebana.

"Ulipitiwa na bahari nzima!"

Vikosi viwili malangoni mwa bandari vilikaa bila risasi mzunguko wote wa kumi, hatua moja kutoka mjini, na kifungo cheusi kikarudi kwa mwendo wa taratibu kabisa, Refa akikipigia mluzi njia nzima, kikavimaliza. Akavipanga vyote makaburini, juu ya kitana.

Akaondoka saa kumi na mbili kasorobo, kabati likiwa limesahaulika. Mlangoni alimshika Fundi bega, pale pale alipokuwa akishikwa na mtu mwingine.

"Shemeji, sikiliza. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao niko hapa. Na ya mwezi unaofuata. Saa sita kwa basi ni kitu gani? Nalala tu njiani. Siwezi kukuacha hivi, utaozea ufukoni."

"Usijisumbue."

"Najisumbua! Mtu anayesahau maji hawezi kuachwa peke yake." Akashuka ngazi. Mpaka anafika ng'ambo ya barabara alikuwa amekwisha kumsimulia kinyozi, na kinyozi, mkasi ukiwa hewani, aligeuka na kumtazama Fundi, akacheka mpaka mteja wake akacheka pia. Kisa hicho kingefika sokoni kesho. Kingefika kwa binti Jumatatu. Kingesimuliwa siku Fundi atakapozikwa, hilo halikuwa na shaka.

Fundi alifunga mlango. Alirudisha kete kwenye boksi bila kuzitazama, akaenda jikoni, akatafuta ile sufuria ya bluu, akapika unga na maji. Mara ya kwanza ukaungua. Mara ya pili ukawa na madonge. Aliupeleka kwenye meza ya kazi, akavaa lenzi, akafungua kitabu kwenye kanuni ya kumi na nane, akaisoma mara moja zaidi, polepole, maana yalikuwa maneno mapya ya mkewe na hayangekuja mengine. Kisha akapaka kingo tatu, yeye mwenye mkono wa kushika chemchemi ya saa isiyoonekana kwa macho, na gundi ikavuka mstari, ikatiririka, ikachafua neno la mwisho la kanuni ya kumi na saba. Chiriku angemfukuza kazi siku hiyo hiyo.

Alizikandamiza kurasa kwa kiganja, akangoja zishike. Mwezi ujao atapanga askari wake. Ataomba wabadilishane pande, akataliwe. Atatua ufukoni akijua gati liko wapi, na atashindwa, na itabidi ashindwe vizuri, kwa namna tofauti kila mara, asije akagunduliwa. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko ile aliyoifanya miaka kumi na minne, na alikuwa ameachiwa bila kuulizwa.

"Ungeniambia tu," alikiambia kitabu, kwa hasira. "Ningekubali."

Saa za wateja ziligonga, moja baada ya nyingine, kila moja kwa wakati wake. Alizingoja zote zimalize.

"Nisingekubali," alisema.